Uzoefu wangu: monita pana, monita ya mraba, na futi ya fundi cherehani

Kwa miaka saba nimefanya kazi kwenye monita ya mraba ya inchi 19. Ndiyo niliyojifunzia kudizaini. Kadi za harusi, kalenda, vipeperushi, majalada ya vitabu, na mara mojamoja michoro ya kanga za vikundi vya akina mama, zote zimepita pale. Mwaka jana ilianza kufifia na weupe wake ukageuka manjano, nikajua siku zake zimekaribia. Nikaingia Kariakoo kutafuta nyingine. Kila duka nililofika niliambiwa neno lilelile: chukua pana kaka, za mraba zimepitwa na wakati.

Nikachukua pana. Miezi minne baadaye nilikuwa nimeiuza na kununua pana nyingine ya umbo tofauti kidogo, na hiyo ndiyo ninayoitumia hadi leo. Naandika haya kwa ajili ya mdizaini mwenzangu mwenye pesa ya monita moja tu, ambaye akikosea hana pa kupata ya pili.

Ile pana ya kwanza ilikuwa ya inchi 21 na nusu, pikseli (vile vidoti vinavyounda picha kwenye kioo) 1920 kwa 1080. Nilipoifikisha ofisini na kuiweka kando ya ile ya zamani, niliona kitu ambacho sikukitegemea: mpya ilikuwa fupi. Nikadhani ni macho yangu. Jirani yangu wa mlango wa pili ni fundi cherehani, nikaenda kumwazima futi. Kioo cha ile ya mraba kilikuwa na upana wa sentimita 37 na nusu na kimo cha 30. Kioo cha mpya kilikuwa na upana wa 47 na nusu, na kimo hakikufika hata 27. Nimelipia inchi mbili na nusu za ziada, na nimepoteza sentimita tatu za kimo.

Sababu yake ni nyepesi ukishaijua. Inchi za monita hupimwa kona kwa kona. Monita ya mraba niliyokuwa nayo ina uwiano wa 5 kwa 4, yaani upana kwa kimo, na hizi pana za kawaida zina 16 kwa 9. Kioo kikivutwa kwenda pembeni, ule mstari wa kona unaongezeka urefu hata kama kimo kimebaki palepale au kimepungua. Kwa hiyo inchi 22 za monita pana na inchi 22 za monita ya mraba ni vitu viwili tofauti kabisa, na muuzaji anayekutajia inchi peke yake hajakuambia unachohitaji kujua.

Sasa chukua karatasi ya A4. Kimo chake ni sentimita 29.7. Kwenye monita yangu ya zamani, ukurasa mzima wa A4 ungeweza kusimama kwa saizi yake halisi ukagusa juu na chini. Kwenye ile mpya ulipungukiwa sentimita tatu, na hapo sijatoa bado nafasi ya menyu za juu na ule mstari wa chini wa Windows. Kwa pikseli nako tofauti haikuwa kubwa kama nilivyoahidiwa. Ya mraba ina mistari 1024 kwenda juu, na ile pana ina 1080. Mistari 56 tu! Faida yote ilikuwa pembeni, kule ambako kadi yangu iliyosimama haifiki.

Mtu anaweza kuuliza, mbona basi maduka yamejaa 16 kwa 9? Kuanzia mwaka 2008 hivi watengenezaji walianza kuacha umbo la 16 kwa 10, ambalo ndilo lililokuwa limeenea kwenye monita pana, wakahamia umbo la televisheni, kwa sababu kioo kilekile kiwandani kinahudumia bidhaa zote mbili na gharama inashuka. Anayetazama sinema au kuhariri video anafaidika sana. Rafiki yangu anayehariri video za harusi anatumia ile ndefu kabisa, ya 21 kwa 9, pikseli 2560 kwa 1080. Mstari wake wa muda unatanda kioo kizima na anauona mlolongo wa sherehe kuanzia kuingia ukumbini hadi keki bila kusogeza. Kwa kazi yake ni sawa kabisa. Kwangu mimi, ninayepanga kurasa, hapana.

Lakini kilichoniumiza zaidi kilitokana na waya.

Kompyuta ya ofisi wakati ule ilikuwa ya zamani, tunaiunganisha kwa VGA, waya wa monita wa aina ya zamani, na kadi yake ya grafiksi haikuweza kutoa 1920 kwa 1080. Ikatoa 1024 kwa 768, ambayo ni umbo la 4 kwa 3, na monita ikaitandaza ili ijaze kioo chote. Maana yake kila kitu kilinenepa kwa theluthi moja. Kwenye maandishi hilo sikuliona haraka. Wiki hiyohiyo akaja katibu wa kamati ya harusi na picha ya maharusi kwenye flashi. Nikaifungua, tukaitazama pamoja, akasema, "Mbona dada yetu amenenepa hivi, kaka? Yeye mwembamba." Nikajua mpiga picha amekosea. Nikaibana picha kutoka pembeni mpaka bibi harusi akafanana na mwenyewe na katibu akaridhika. Zile pete mbili za juu ya kadi nazo nikazibana mpaka zikawa mviringo mzuri machoni pangu.

Zikachapwa kadi 250. Nilipofungua bunda la kwanza nilihisi baridi mgongoni. Nyuso zilikuwa ndefu, mashavu yameingia ndani, na pete zimesimama kama mayai. Nilichapa zote upya kwa pesa yangu na zikafika siku mbili baada ya ahadi. Katibu alikuwa muungwana, hakunisema vibaya, ila najua kamati ile ilikuwa ikisubiri kadi ili ianze kukusanya michango.

Tangu siku hiyo, kabla sijagusa kazi kwenye monita yoyote nisiyoizoea, nachora duara kubwa na kulipima kwa rula, kwenda pembeni kisha kwenda juu. Vipimo vikitofautiana hata kwa milimita tano, naenda kwenye mipangilio nahakikisha kompyuta inatoa pikseli za asili za monita yenyewe, yaani idadi ileile iliyotengenezwa nayo. Zile za mraba nazo zina mtego huu: ukiiweka 1024 kwa 768 kwenye monita ya 1280 kwa 1024, vitu vinarefuka kwenda juu kidogo. Ni kidogo sana, na ndiyo maana ni rahisi kupitwa.

Kuna suala la rangi pia, na hili halina uhusiano na upana wala umraba, ingawa wauzaji hulichanganya humohumo. Kioo cha ile monita ya kwanza kilikuwa cha aina ya TN. Ukikitazama kutoka mbele ni kizuri. Ukisogea pembeni au ukiinamisha kichwa, rangi zinahama. Kwa mtu anayefanya kazi peke yake hilo linavumilika. Mimi wateja wangu hukaa kwenye kiti cha kulia kwangu, na sehemu kubwa ya mazungumzo yetu ni rangi za sare. Mama mmoja aliniagiza kadi za damu ya mzee. Nikamwekea. Akasema hiyo imepauka. Nikaongeza. Akasema bado. Nikaongeza tena, mpaka mimi nikawa naona karibu nyeusi na yeye anaona damu ya mzee. Tulikuwa tunatazama kioo kimoja na kuona rangi mbili. Tulipobadilishana viti ndipo tulipoelewana.

Kioo cha IPS ndicho kinachotibu hilo. Rangi inabaki karibu ileile kwa anayekaa mbele na anayekaa pembeni. Kama pesa yako inatosha jambo moja tu, bora uchukue IPS ndogo kuliko TN kubwa.

Niliyonunua mara ya pili ni Dell U2412M ya mtumba, toleo lililoanza kuuzwa mwaka 2011. Inchi 24, IPS, pikseli 1920 kwa 1200, yaani lile umbo la zamani la 16 kwa 10. Nililipa laki mbili na ushei. Futi ilikuwa mfukoni mwangu safari hii: kimo sentimita 32, upana karibu 52. Kurasa mbili za A4 zinakaa ubavu kwa ubavu kwa saizi yake halisi, sentimita 42, na pembeni zinabaki karibu kumi za kuweka paneli za rangi na tabaka. Juu na chini panabaki sentimita mbili na ushei, menyu zinaenea. Ile ya kawaida inayouzwa kama inchi 24 yenye umbo la 16 kwa 9 ina kimo cha 29.6. A4 ni 29.7. Unaona mwenyewe.

Kwa wanaotumia programu ya kudizaini ya CorelDRAW, kuna sehemu ya kulinganisha rula ya kwenye kioo na rula ya mkononi. Ifanye siku ya kwanza. Ukishafanya hivyo, ukurasa unaoonekana wa saizi halisi ni wa saizi halisi kweli, na maandishi madogo ya anwani na namba za simu unayaona kama mpokeaji wa kadi atakavyoyaona.

Kitu ninachokipenda kuliko vyote kwenye hii Dell ni shingo yake. Inapanda, inashuka, na kioo kinazunguka kikasimama wima. Kikisimama kinakuwa na upana wa 32 na kimo cha karibu 52, na bango la A3, ambalo ni 29.7 kwa 42, linaingia lote bila kupunguzwa. Mara ya kwanza nilipolitazama bango zima la mahafali limesimama mbele yangu kwa ukubwa wake, niliona kosa la nafasi kati ya mistari ambalo kwenye monita zote mbili za awali lingenipita.

Kanga nazo zimepata nafuu. Kanga moja ni kama sentimita 150 kwa 110, imelala. Kwenye ile ya mraba ilijaa vizuri, ila paneli zilikuwa zinaufunika upindo wa pembeni, na kanga bila kuuona upindo wote kwa pamoja huwezi kujua kama mji, ule mchoro wa kati, umekaa katikati na jina, yale maneno yake, liko mahali pake. Sasa nauona upindo kote, mji na jina, na zana zangu ziko pembeni hazigusi kitu.

Mambo machache ukienda kununua ya mtumba. Nenda na flashi yenye picha tano tupu: nyeupe, nyeusi, nyekundu, kijani na buluu. Fungua kila moja ijaze kioo, utafute vidoa na pikseli zilizokufa. Omba iwashwe nusu saa kabla hujatoa hukumu ya rangi, hasa zile za zamani zinazotumia taa za mrija nyuma ya kioo, kwa sababu huchelewa kutulia na zikizeeka hugeuka manjano kama yangu. Jaribu shingo, ipandishe na uizungushe. Angalia matundu ya nyuma pia. Hii yangu ina VGA, DVI na DisplayPort, haina HDMI, kwa hiyo ilinibidi niwe na waya unaofaa tayari. Na kompyuta yako iwe na uwezo wa kutoa hizo 1920 kwa 1200, la sivyo utarudi kwenye pete zilizosimama kama mayai.

Ile ya mraba sikuitupa. Iko mkono wa kushoto, inabeba ujumbe wa wateja wa WhatsApp na orodha ya oda za siku. Kwa kazi hiyo hata weupe wake wa manjano haunisumbui, na kama huna uwezo wa inchi 24 leo, ya mraba ya inchi 19 yenye kioo kizima bado itakupangia kurasa vizuri kuliko pana fupi ya inchi 20.

Wiki iliyopita yule mama wa damu ya mzee alirudi, safari hii na kipande cha kitambaa cha sare ya kikundi chao. Nikamgeuzia kioo. Akakishika kitambaa karibu na rangi niliyoweka, akatazama akiwa upande wa kulia, akazunguka nyuma ya kiti changu, akatazama akiwa kushoto. Nikamwambia nitamchapia kwanza nakala moja aione kwenye karatasi. Akakunja kitambaa chake akakirudisha mkobani.

"Hiyohiyo, mwanangu. Usiiguse tena."