Chakula na michezo katika shule za msingi za Nyanda za Juu Kusini: tumepitia stoo, jiko na kiwanja

Huduma inayopitiwa hapa ni ile anayoipata mtoto wa shule ya msingi ya serikali kuanzia Kilolo na Mufindi hadi Makete, Rungwe na Mbozi: uji wa saa nne, chakula cha mchana na kipindi cha michezo. Ubora wake unatofautiana mno, hata kati ya shule mbili za kata moja. Mwongozo wa kitaifa wa chakula na lishe shuleni ni mzuri na unasomeka. Ruzuku ni ndogo, na haikupangiwa sahani ya mtoto. Shule zinazofanikiwa mara nyingi ni zile zilizojua wakati wa kukusanya mahindi na namna ya kuyatunza.

Tuanze na fedha, maana hapo ndipo mikutano ya wazazi inapochafuka. Elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, ruzuku ya uendeshaji kwa mwanafunzi wa msingi ilikuwa shilingi 10,000 kwa mwaka. Kati ya hizo, 4,000 zilibaki serikali kuu kwa ajili ya vitabu na 6,000 zikaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya shule. Hizo 6,000 ndizo zinazogawanywa kwa chaki, karatasi, mitihani, ukarabati na vifaa vya michezo. Mwanafunzi wa bweni alitengewa shilingi 1,500 za chakula kwa siku. Wa kutwa hakutengewa kitu, kwa kuwa waraka wa elimu bila ada uliweka chakula chake kwenye majukumu ya mzazi.

Sasa weka mahesabu. Kipimo cha kuridhisha cha mchana ni gramu 150 za unga wa dona, gramu 40 za maharage na gramu 5 za mafuta kwa mtoto. Mwaka wa masomo una siku 194. Hiyo ni kilo 29 za mahindi, karibu kilo 8 za maharage na lita moja ya mafuta kwa mtoto mmoja. Tukichukua mahindi kwa shilingi 700 kwa kilo, mahindi peke yake ni zaidi ya shilingi 20,000, yaani mara tatu ya fedha yote inayoingia shuleni kwa jina la mtoto huyo. Mwalimu mkuu asiyetoa chakula kwa kutumia ruzuku hajaiba. Haitoshi, na ruzuku hiyo haikuletwa kwa kazi hiyo.

Kuna fungu jingine ambalo wazazi husikia likitajwa kwenye vikao vya kata: shilingi 1,000 za lishe ambazo kila halmashauri hutakiwa kutenga. Hizo zinahesabiwa kwa mtoto aliye chini ya miaka mitano. Akishaingia darasa la kwanza, hesabu hiyo haimgusi tena. Ni pengo kubwa kwa mikoa hii hasa. Utafiti wa afya ya jamii wa mwaka 2022 ulionyesha udumavu wa asilimia 56.9 Iringa, 50.4 Njombe na 49.8 Rukwa, wakati wastani wa taifa ni 30. Haya ndiyo maghala ya nchi, na NFRA, wakala wa taifa wa hifadhi ya chakula, inanunua mahindi Makambako na Sumbawanga. Mtoto anayeingia darasa la kwanza akiwa amedumaa anahitaji shule imwongezee kilichomo kwenye sahani, naye anakuta hakuna sahani.

Kwa maoni yangu mgawanyo wa mzigo umekaa vibaya. Mzazi wa huku ana mahindi na maharage, ila fedha taslimu ni shida. Serikali fedha taslimu inazo. Basi mzazi alete nafaka, na serikali ilipie vile visivyoota shambani: stoo, jiko, maji na mshahara wa mpishi. Leo mzazi anadaiwa debe la mahindi, kisha hela ya mpishi, hela ya kuni, hela ya kusagisha. Debe hulipwa bila kelele nyingi. Michango hii midogo midogo ya fedha ndiyo inayoua programu kabla ya Aprili.

Kosa kubwa kuliko yote ni kalenda. Shule inafungua Januari, kamati inaitisha mkutano, wazazi wanatakiwa kuleta mahindi Februari. Huo ni mwezi wa njaa. Vihenge vimekwisha, mahindi mabichi bado, na debe sokoni liko juu. Mavuno ya Nyanda za Juu ni Mei hadi Agosti, kwa hiyo chakula cha Januari kinapaswa kuwa stoo kabla Septemba haijaisha. Shule zilizohamia kwenye utaratibu huu zinakusanya debe moja na nusu kwa mtoto mwezi Julai na Agosti. Debe moja pekee, kama inavyoombwa kwenye shule nyingi, lina kilo 18 hadi 20. Likisagwa dona linafika siku 120 hadi 130. Likikobolewa kuwa sembe linapoteza robo au zaidi, na halifiki hata siku 100. Kamati ikipitisha debe moja la sembe, imepitisha nusu mwaka wa njaa bila kujua.

Mahindi yakishafika, kazi ndiyo imeanza. Chukua shule ya wanafunzi 600. Mahindi yao yanatoka kaya 300 au zaidi, kila moja imekausha kwa namna yake. Debe moja lenye unyevu likimwagwa kwenye lundo linapasha moto mahindi yaliyolizunguka na ukungu unaanza. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, ikishaingia haitoki kwa kuchemsha, hata ugali uivaje. Mapokezi yanahitaji mtu mmoja aliyesimama mlangoni na chupa tupu ya soda iliyokauka. Tia punje hadi robo ya chupa, ongeza kijiko cha chumvi kavu, tikisa dakika moja, acha itulie robo saa. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, mahindi yamezidi unyevu wa takribani asilimia 15 na yanarudi kwenye turubai juani. Chumvi ikianguka chini yote, pokea. Jicho nalo lifanye kazi yake: punje nyeusi, za kijani au zilizosinyaa zichambuliwe palepale mbele ya mwenye mahindi. Ukisema utachambua baadaye, hutachambua.

Kwa kuhifadhi, mifuko ya tabaka tatu imetushawishi kuliko kitu kingine chochote. Haihitaji dawa, na dumuzi (wengi wanamwita skania) anakosa hewa na kufa ndani. Sharti ni kubana: toa hewa, funga mfuko wa ndani peke yake, kisha wa pili, kisha wa nje, kila mmoja kwa kamba yake. Wengi hukunja yote mitatu pamoja na kufunga fundo moja, halafu wanalaumu mfuko. Panga juu ya chaga, mbali na ukuta kiasi cha mtu kupita na ufagio. Usifungue mfuko kuchungulia. Vidonge vya gesi vya kufukizia nafaka havina nafasi kwenye stoo iliyopakana na darasa.

Jikoni, mwinuko unabadilisha kila kitu, na miongozo iliyoandikwa kwa nchi nzima huusahau. Mbeya mjini ni kama mita 1,700 juu ya bahari, Njombe ni zaidi. Maji huku yanachemka kwenye nyuzijoto 93 au 94, si 100. Maharage yanayoiva kwa saa mbili Kyela yatachukua muda mrefu zaidi Makete, na kuni zitaongezeka hivyo hivyo. Dawa yake ni kuloweka usiku kucha, kwa muda wa saa 8 hadi 12, kumwaga maji yale na kuanza na mapya. Maharage yaliyokaa zaidi ya mwaka huwa magumu hata yakilowekwa, kwa hiyo yaliyotangulia kuingia stoo yatangulie kutoka. Wapishi wengi hutia magadi ili wawahi. Yanalainisha kweli, ila yanaharibu vitamini za kundi B, ambazo ni sehemu ya sababu ya kumpa mtoto maharage.

Kwa wanafunzi 600, mchana mmoja ni kilo 90 za unga, kilo 24 za maharage na lita tatu na ushee za mafuta. Ugali wa kilo 90 unahitaji karibu lita 200 za maji na watu wenye mikono. Ndiyo maana shule nyingi huishia kwenye makande, na si vibaya: yanabandikwa saa kumi na mbili asubuhi na kuiva kwa moto wa taratibu. Uji wa asubuhi ni kilo 24 za unga kwa lita 170 za maji. Hapo angalia foleni. Unga huzama, na mpishi asipokoroga chini kila baada ya vikombe kumi, watoto wa mbele wanakunywa maji na wa mwisho wanapata bonge. Kipimo kiwe kikombe kimoja kilichopimwa kwa mizani mara moja na kutiwa alama, kisibadilike kwa kumjua mtoto.

Mafiga matatu ni hasara. Jiko banifu la matofali lenye bomba la moshi hupunguza kuni kwa takribani nusu. Serikali iliagiza taasisi zinazolisha zaidi ya watu 100 kwa siku ziache kuni na mkaa ifikapo 31 Januari 2024. Agizo ni la haki kwa misitu yetu na macho ya wapishi, lakini shule ya kutwa haina fungu la gesi. Mkaa mbadala wa makaa ya mawe wa STAMICO, shirika la madini la taifa, ni njia ya kati inayofaa, kwa sharti moja lisilojadiliwa: jiko liwe na bomba na madirisha wazi, kwa sababu hewa yake kwenye chumba kilichofungwa inaua.

Sahani ya dona na maharage inashibisha, lakini madini ya chuma yaliyomo hayanyonywi vizuri bila kitu chenye vitamini C. Mchicha, figiri au majani ya maboga yaliyochumwa asubuhi na kutiwa dakika tano za mwisho yanasaidia, na chungwa au pera linasaidia zaidi. Chai ya rangi, ambayo Rungwe na Mufindi ni kinywaji cha kila saa, isinywewe pamoja na chakula, kwani inazuia chuma hicho hicho. Usipa mkavu kutoka Ziwa Nyasa ukisagwa na kutiwa kwenye maharage, gramu 10 kwa mtoto, unabadilisha kabisa thamani ya chakula bila kubadilisha jiko. Na shule yenye eneo ipande parachichi za kubebesha. Kuanzia mwaka wa tatu hivi zinaanza kuzaa.

Desturi moja ninaipinga waziwazi: kuwalisha madarasa ya mitihani tu, la nne na la saba, wengine wakichungulia. Kama chakula ni kidogo, wape uji awali hadi la pili kwanza. Hao ndio wadogo, wanatembea umbali uleule, na ubongo wao ndio unaojengwa. Na mtoto ambaye mzazi wake hajachanga asitolewe kwenye foleni. Deni ni la mtu mzima, kamati imfuate huko.

Upande wa michezo hali ni dhaifu zaidi, na ni rahisi zaidi kurekebisha. Kipindi kipo kwenye ratiba, kisha kinamezwa na hisabati ya darasa la saba. Fungu la michezo linalotoka kwenye zile 6,000 huishia kwenye nauli na jezi za UMITASHUMTA, mashindano ya michezo ya shule za msingi. Mashindano hayo yana thamani yake, ila yanawagusa watoto kumi na tano wa timu, huku mia tano na kitu wakikaa pembeni. Ukitaka kujua kama shule yako ina michezo, hesabu mipira yenye upepo, uache makombe ofisini.

Darasa la watoto 60 lenye mpira mmoja halina somo. Gawa vituo vinne vya watoto kumi na tano: kamba za kuruka, mbio za kupokezana vijiti, kurusha na kudaka mpira wa pete, kupiga pasi. Dakika tano za kupasha mwili, dakika saba kila kituo, tano za kutulia. Kamba zinasokotwa kwa katani, vijiti havinunuliwi. Mipira minne inatosha, na iwe saizi namba 4. Kwenye viwanja vyetu vya changarawe, mpira wa kushonwa wa bei rahisi unafumuka upesi, ule wa raba iliyomiminwa unadumu. Mipira mingi hufa kwa sindano kavu: chovya sindano kwenye mafuta kabla ya kuichomeka, vinginevyo inararua vali na upepo hautakaa tena.

Kipindi kipangwe nusu saa au zaidi baada ya uji. Kabla ya hapo, watoto waliotoka nyumbani bila kitu wanapata kizunguzungu, na mwalimu anadhani ni wavivu. Kiwanja kichongwe na mteremko mdogo kuelekea mfereji, kwa sababu kuanzia Novemba hadi Aprili mvua ya huku hugeuza bapa kuwa bwawa. Magoli ya mlingoti yazamishwe mita moja ardhini, ncha ya chini ikiwa imepakwa oili chafu dhidi ya mchwa. Goli linalotikisika ling'olewe siku hiyo hiyo, kwani watoto huyaning'inia na yakianguka yanaua.