Siti za Hilux kuukuu: mtumba wa Ilala au kushonesha upya?

Siti za mtumba za Ilala unafunga siku hiyohiyo. Ila pima kwanza matundu ya boliti kwenye sakafu: yakipishana na reli za siti hata sentimita 2, utaanza kuchomelea, na siti iliyochomelewa ovyo siikalii hata kwenda Kigamboni. Breki moja kali inaweza kuing'oa.

Mimi ningeshonesha. Fremu yako inakaa palepale. Fundi anabadilisha sponji na kuvalisha upya. Chagua kitambaa: ngozi bandia inafutika vumbi upesi, lakini kwa jua la Dar inaunguza mapaja.

Kwa njia yoyote, siti zikiwa nje, ng'oa kapeti, sugua kutu, paka rangi ya kuizuia, acha sakafu ikauke kabisa ndipo urudishe.