Tahadhari kwa wanaotafuta fleti Nyali: ofa ya "mwezi wa kwanza bure"

Ninawaandikia wanaotafuta nyumba ya kupanga upande wa Nyali, Mkomani na Bamburi, kwa sababu mimi na mke wangu tumepoteza shilingi 38,000 kwa mtu aliyejitambulisha kuwa wakala, na mtu huyo bado anaendelea na kazi yake.

Tangazo tuliliona Facebook: vyumba viwili vya kulala, kodi shilingi 38,000, na mwezi wa kwanza bure kwa atakayelipa diposti kabla ya tarehe 5. Ofa ya namna hiyo si ajabu Mombasa. Mwenye jengo jipya hupunguza kodi ili lijae upesi, na wakati wa masika, wageni wanapopungua, wenye fleti za kukodishwa kwa siku hutafuta wapangaji wa kudumu. Kwa hiyo bei haikututia shaka.

Kilichotuponza hasa ni kwamba tuliingia ndani. Alitufungulia mlango kwa ufunguo wake, akafungua mfereji wa jikoni tuonje kama maji ni ya chumvi, akatuonyesha mita ya tokeni za stima, na tulipouliza kuhusu viti na vitanda akajibu kwamba ni vya mpangaji anayehama mwisho wa mwezi. Tulitia saini mkataba, tukalipa diposti kwa M-Pesa. Jina lililotokea kwenye simu halikuwa lake. Alisema ni la mhasibu wa ofisi, nasi, kwa haraka ya kuiwahi hiyo tarehe 5, tukakubali. Hapo ndipo ninapojilaumu mpaka leo.

Siku ya kuhamia, pikapu ikiwa imejaa vyombo vyetu langoni, mlinzi alitueleza kwa huruma kwamba fleti ile hukodishwa kwa siku, kwamba yule bwana alilipia siku mbili tu, na kwamba familia nyingine mbili zilikuwa zimekwisha kufika zikiwa na mkataba kama wetu.

Tafadhali, kuonyeshwa nyumba kusikutoshe. Rudi peke yako siku nyingine, bila wakala, umuulize mlinzi na majirani ni nani hupokea kodi ya jengo hilo. Swali hilo moja lingetuokoa. Sheria ya Kenya inamtaka wakala wa nyumba awe amesajiliwa na bodi ya mawakala, basi mwombe cheti chake cha mwaka huu. Jina la mwenye kupokea pesa lilingane na lililo kwenye mkataba, na ofa yenyewe iandikwe humo, mwezi gani ni bure na kuanzia tarehe gani. Tena usilipe diposti ya nyumba ambayo bado ina vitu vya mtu mwingine, hata ukiambiwa kuna watu kumi wanaoingojea.

Atakayegundua mapema kwamba ametapeliwa aupeleke ujumbe wa malipo kwa nambari 456 mara moja, maana pesa zikishatolewa hazirudishiki kwa njia hiyo. Sisi tuligundua baada ya wiki tatu. Tulichobakiwa nacho ni kuandikisha taarifa polisi na kupewa namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha kituo. Kujipatia pesa kwa udanganyifu ni kosa chini ya kifungu cha 313 cha Kanuni ya Adhabu, na kifungo chake hufika miaka 3, lakini kesi huhitaji mashahidi, nasi hatukuwahi kukutana na zile familia mbili.

Juzi picha zilezile, zenye mapazia ya buluu na roshani inayotazama mnazi mmoja, zimewekwa tena, safari hii fleti ikidaiwa kuwa Bamburi na ofa ikiwa nusu ya kodi kwa miezi miwili. Ikiwa ulimlipa mtu huyu, nenda ukaandikishe taarifa yako ukiwa na mkataba na ujumbe wa M-Pesa, kisha niandikie faragha ili kesi zetu ziunganishwe.