Uzoefu wangu: programu ya kuchorea majengo yenye leseni ya mtandao

Programu yenyewe ni nzuri, na wanafunzi wa ufundi hapa Tanga wanaimudu haraka. Kinachoudhi ni kinga yake dhidi ya kunakiliwa: kila kompyuta huazima leseni kutoka seva moja kupitia mtandao. Imeundwa kana kwamba kompyuta zote ziko chumba kimoja kwenye swichi moja. Ukiiweka kwenye chuo chenye maabara kadhaa, kila moja na VLAN yake (mtandao wake uliotengwa) na ukuta-moto, yaani kichujio cha mawasiliano, katikati, anayefungiwa nje ni yule yule aliyelipa.

Leseni hugawiwa na lmgrd, huduma inayokaa kwenye seva, ambayo kwa kawaida husikiliza poti 27000 (poti ni namba ya mlango wa mawasiliano). Yenyewe huielekeza kompyuta ya mwanafunzi kwenye huduma ya pili, ya mtengenezaji, na hii isipopangiwa poti hujichagulia yoyote kila inapowashwa. Ndiyo maana seva ikizimwa na kuwashwa, maabara iliyokuwa ikifanya kazi vizuri inaanza kupata kosa -15, yaani haiifikii huduma ya leseni, ilhali ping, amri ya kupima kama seva inafikika, inajibu. Fungua faili ya leseni, mwishoni mwa mstari wa VENDOR ongeza PORT=27010 au namba nyingine isiyotumika, washa upya huduma, kisha ruhusu poti zote mbili za TCP kwenye ukuta-moto. Sehemu hiyo inaruhusiwa kuhaririwa. Anwani ya MAC (namba ya utambulisho ya kadi ya mtandao) kwenye mstari wa SERVER usiiguse kabisa, leseni itakataliwa.

Umeme ukikatika ndipo kazi inapoanza. Kompyuta za maabara zinazimika ghafla, lakini seva iko kwenye UPS (betri ya akiba) na haina habari kwamba watu wameondoka. Leseni zao zinabaki zimeshikwa, na umeme ukirudi wengine wanaambiwa kwa kosa -4 kwamba idadi ya watumiaji imejaa. Ukiacha mipangilio ya kawaida, TCP, itifaki inayobeba mawasiliano hayo, husubiri saa 2 kabla ya kuchunguza kama upande wa pili bado upo. Kipindi kizima cha somo kimeshapita. Amri ya lmstat -a inakuonyesha nani kashika nini, na lmremove inamtoa mmoja mmoja. Kwa wanaotoka kula na kuacha programu wazi, weka TIMEOUTALL 1800 kwenye faili ya chaguo (options file) ya huduma ya mtengenezaji, ili leseni isiyotumika irudishwe. Hizo ni sekunde, yaani nusu saa.

Angalia pia saa ya seva. Betri ndogo ya CR2032 inayotunza saa ikifa, tarehe hurudi nyuma, kinga inakuta faili za mfumo zenye tarehe ya mbele, inadhani umechezea saa, na unapata kosa -88. Badilisha betri, unganisha seva na NTP, huduma ya kurekebisha saa kupitia mtandao.

Naipendekeza programu, ila kabla ya kulipa mtake muuzaji aandike kwenye mkataba atatoa faili mpya ya leseni ndani ya muda gani kadi ya mtandao ya seva ikiungua. Kadi mpya ina MAC mpya, na mpaka faili hiyo ije, maabara zote zimesimama.