OraQuick, kipimo cha VVU cha nyumbani: nakipa nyota nne

Mimi ni msusi hapa Mombasa. Mwenzangu ana watoto wakubwa, nami ninao, kwa hiyo hatuoani kwa pupa. Kabla ya kupeleka neno kwa wazee tulikubaliana tupime, ila bwana hakutaka kuonekana kwenye foleni ya kliniki. Nikanunua OraQuick mbili duka la dawa.

Sindano hakuna. Unapitisha kijiti ufizi wa juu mara moja, wa chini mara moja, unakitumbukiza kwenye kichupa chake cha maji, unangoja dakika 20. Zikipita 40 usisome tena. Sharti ni kutotia kitu kinywani dakika 15 kabla, na bwana alikuja shavu limejaa majani ya muguka! Akatema, tukapiga soga kwanza. Mstari kwenye herufi C peke yake ni hakuna kilichoonekana. Ukitokea na wa herufi T, hata uwe hafifu, unakwenda kituo cha afya kupimwa upya kabla hujaanza kulia.

Wateja wangu huniuliza, kwani mate yanaambukiza VVU? Hapana. Kijiti hakitafuti kirusi, kinatafuta kingamwili, askari waliotengenezwa na mwili kupambana nacho, nao hupatikana kwenye majimaji ya ufizi. Askari hao hawatoki siku moja. Aliyeteleza wiki iliyopita akapata mstari mmoja, bado hajajua lolote. Arudie baada ya miezi 3. Na anayemeza ARV asijipime nacho, kinaweza kumdanganya.

Kinachoniudhi ni watu kuonyeshana mstari mmoja kama cheti cha usafi. Kaswende na kisonono ni bakteria, kijiti hiki hakina habari nao. Klamidia, ugonjwa mwingine wa zinaa, ndiyo mbaya zaidi: wanawake wengi hawahisi chochote, kumbe mirija ya uzazi inaharibika. Sisi tulikwenda maabara baadaye, damu kwa kaswende na mkojo kwa hizo mbili, na mkojo ndio uliotukamua pesa.

Ukinunua, soma tarehe ya mwisho na utazame kilikowekwa. Kinatakiwa kikae kati ya nyuzi 2 na 30. Duka la kwanza nililoingia walivipanga dirishani, jua la Januari linavipiga. Nikamuuliza muuzaji, akacheka. Nikavuka barabara, nikanunua kwingine.