Kutazama baleti kwa kulipia mtandaoni nikiwa Bagamoyo: uzoefu wangu

Nimekuwa mteja wa huduma moja ya kigeni inayoonyesha baleti kwa intaneti kwa muda wa kutosha kuweza kuitolea maoni, na maoni yangu kwa ufupi ni kwamba maktaba yake ni nzuri kuliko nilivyotarajia, sauti yake ni safi, wachezaji wake ni wa daraja la kwanza duniani, ila wanaoongoza kamera mara nyingi hawaiamini dansi yenyewe. Siitaji huduma hiyo kwa jina, kwa sababu kasoro nitakayoieleza nimeiona na kwingine, na ningependa msomaji aichukue kama jambo la kuchunguza kabla hajatoa fedha yake popote.

Nianze na malipo, kwa kuwa ndilo swali ninaloulizwa kwanza. Huduma hii haipokei pesa za simu moja kwa moja, hivyo inabidi utumie kadi ya benki au kadi ya mtandaoni ambayo kampuni za simu hapa nchini huwatengenezea wateja wao. Makato hufanyika kwa fedha za kigeni, na kiasi kinachotoka kwa shilingi hupanda na kushuka kadiri thamani ya fedha inavyobadilika. Baleti ndefu yenye sehemu tatu hula bando kubwa, na hapa kwetu Bagamoyo intaneti huwa na kasi ya kuridhisha usiku wa manane kuliko jioni, kwa hiyo nimezoea kupakua onyesho usiku na kulitazama siku inayofuata. Likishapakuliwa halikwami hata umeme ukikatika, mradi kompyuta ina chaji. Upande huo sina malalamiko.

Lalamiko langu linahusu kile kinachoonekana kwenye skrini, na mfano ulio wazi kuliko yote ni La Bayadère. Hii ni kazi ya Marius Petipa iliyochezwa kwa mara ya kwanza St. Petersburg mwaka 1877 kwa muziki wa Ludwig Minkus, na ndani yake mna sehemu iitwayo Ufalme wa Vivuli, ambamo shujaa wa hadithi, Solor, anamwona mpenzi wake aliyekufa akiwa miongoni mwa roho nyingi zilizovaa nyeupe. Roho hizo hushuka kwenye mteremko zikifuatana moja baada ya nyingine. Mchezaji wa kwanza anatokea peke yake, anapiga hatua, anaupeleka mguu mmoja nyuma na kuunyanyua huku kiwiliwili kikiinama mbele, kisha anarudi, anajivuta nyuma taratibu mikono ikiwa juu ya kichwa, na kupiga hatua nyingine. Wakati anarudia kitendo hicho, wa pili ametokea nyuma yake na kufanya hivyo hivyo, halafu wa tatu, halafu wa nne, mpaka jukwaa lote linajaa wachezaji 24, au 32 katika baadhi ya kampuni, wote wakisogea kama mwili mmoja. Hakuna kuruka wala kuzunguka. Nguvu yote imo katika marudio, na katika kuwaona wote kwa pamoja, kwa sababu yule aliyetangulia amekwisha kuufanya mnyanyuo ule mara nyingi mno kabla wa mwisho hajashuka, na goti lake bado halijatetemeka.

Katika rekodi niliyoitazama, safu haikuwa hata imefika nusu pale kamera ilipoacha kuonyesha mteremko na kwenda kwenye uso wa mchezaji mmoja, kisha kwenye mikono, kisha kwenye uso wa mwingine. Binti wa dada yangu, anayesoma sanaa za maonyesho hapa mjini, alikuwa amekaa karibu yangu na aliuliza kabla sijasema neno, "Mjomba, mbona wanawakata miguu?"

Swali lake linatoka kwa mtu aliyelelewa katika mji wa ngoma. Chuo cha Sanaa kilianzishwa hapa mwaka 1981, na leo tunakijua kama TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, na kila mwaka wakati wa tamasha wageni hufurika kuja kutazama. Mtazamaji wa ngoma husimama anapotaka, huzunguka akipenda, na kitu cha kwanza anachokitafuta ni mguu, kwa sababu mguu ndio unaojibizana na ngoma, na mabega na kiuno hufuata. Hakuna anayemchagulia kwamba sasa atazame uso tu. Baleti nayo, pamoja na tofauti zake zote, ni sanaa iliyotungwa ili mwili uonekane mzima kuanzia ukucha hadi kichwani, na safu zake zimepangwa kwa jicho la mtu aliyeketi mbali kidogo. Wanaorusha mpira wa miguu wanalielewa jambo hili: mchezo wote unaonyeshwa kwa kamera pana, na sura ya mchezaji hurudiwa baada ya goli. Sioni kwa nini Petipa astahili chini ya hapo.

Jambo hilo hilo linagusa hata ustadi wa mchezaji mmoja. Katika Swan Lake mchezaji mmoja kwa kawaida hucheza nafasi mbili, Odette, binti wa mfalme aliyegeuzwa bata-maji, na Odile, binti wa mchawi anayejifanya Odette. Ile mizunguko 32 ya Odile ambayo mchezaji Pierina Legnani aliifanya katika toleo la mwaka 1895 haipimwi kwa kasi pekee. Inapimwa kwa mguu uliosimama. Mchezaji anazunguka kwenye ncha ya mguu mmoja huku mwingine ukipigwa kando na kukunjwa, na swali ni kama ile ncha inabaki pale pale sakafuni au inahamahama kuelekea mbele ya jukwaa. Kamera inayombana kifuani, au inayobadilisha upande katikati ya mizunguko, inamnyima mtazamaji ushahidi. Nimemtazama Marianela Nuñez wa The Royal Ballet, kampuni ya London, katika rekodi zaidi ya moja, na pale kamera ilipotulia nilielewa kwa nini watu humsifu kiasi kile: mzunguko unakwisha pale ulipoanzia, mabega hayajapanda, na bado amebakiwa na muda wa kuunganisha pozi na sauti ya mwisho ya muziki. Kwa Odette yeye ni mpole mno kwa ladha yangu, ningependa woga zaidi katika mikono, lakini sijaona Odile aliye na uhakika kumzidi.

Ipo hata hivyo baleti ambayo kamera ya karibu inaifaa kweli, nayo ni ile ya mtunzi wa baleti Mwingereza, Kenneth MacMillan. Romeo and Juliet yake ya mwaka 1965, kwa muziki wa Prokofiev, ina mahali katika sehemu ya tatu ambapo Juliet anaketi ukingoni mwa kitanda, miguu imeshikamana, na hachezi kabisa. Anatazama mbele. Wazazi wake wanamlazimisha aolewe na kijana aitwaye Paris, Romeo ameondoka, na orkesta inapanda na kupanda wakati yeye hajanyanyua hata kidole, mpaka ghafla anasimama na kukimbia kwenda kutafuta msaada wa kasisi. Kwa aliyeketi safu ya nyuma ya ukumbi huenda ni msichana mdogo tu aliyekaa kimya, ilhali kwenye skrini unaona wazo likizaliwa machoni.

Francesca Hayward ndiye ninayempenda katika nafasi hiyo. Alizaliwa Nairobi mwaka 1992, akalelewa Uingereza, na mwaka 2016 akapandishwa kuwa mchezaji mkuu wa The Royal Ballet. Sitaficha kwamba kuzaliwa kwake kwa jirani zetu kunanipa furaha, lakini simpendi kwa hilo. Nampenda kwa sababu hakai kitandani pale kama sanamu ya huzuni. Anaonekana anahesabu njia zilizobaki na kuzikuta zimefungwa, na anapokimbia, anakimbia kama binti mdogo kweli, nyayo zikigusa sakafu bila mapambo. Natalia Osipova, mchezaji mwingine wa nafasi hiyo, ambaye namstahi sana katika Giselle, baleti ya msichana anayekufa kwa kusalitiwa na mpenzi wake na kuingia miongoni mwa roho za kisasi, kwa mruko wake unaokawia hewani, huelekea kuonyesha maumivu mapema, na mtu akishaonyesha kila kitu mwanzoni hana pa kwenda orkesta inapofika kileleni.

Nikiwa kwenye Giselle, ipasavyo nimtaje Dada Masilo, mchezaji na mtunzi wa dansi wa Afrika Kusini, aliyefariki Desemba 2024 akiwa na umri wa miaka 39. Alikuwa amejifunza baleti vizuri na alijua hasa anachokivunja. Katika Giselle yake ya mwaka 2017 malkia wa zile roho za kisasi ni sangoma, yaani mganga wa jadi wa huko, roho zenyewe ni za wanawake na wanaume pia, zimevaa nyekundu, na Giselle hamsamehe aliyemsaliti, wakati katika ile ya kale, iliyochezwa Paris kwa mara ya kwanza mwaka 1841, anamkinga mpaka kunakucha. Miguu iko peku na inapiga sakafu. Ndipo nilipotambua jinsi maikrofoni za jukwaani zinavyopendelea upande mmoja: katika baleti ya kale husikia gotagota ya viatu vya kusimamia vidole, ambayo ukumbini humezwa na orkesta na ambayo mchezaji hutumia maisha yake yote kuificha, na kwa Masilo kishindo hicho hicho ni sehemu ya muziki. Baadhi ya wapenzi wa baleti hawamhesabu. Mimi namhesabu, na namweka juu ya matoleo mengi ya kawaida ya Giselle ambayo yamehifadhi hatua zote na kupoteza hasira.

Kuna suala jingine la kuuona mwili mzima ambalo kwetu Waafrika si dogo. Soksi ndefu na viatu vya rangi ya waridi vilivyozoeleka katika baleti vilikusudiwa kuurefusha mstari wa mguu wa mchezaji mweupe. Akivivaa mchezaji mweusi, mstari unakatika kiunoni, na macho yanaona miguu ya mtu mwingine. Dance Theatre of Harlem, kampuni iliyoanzishwa New York mwaka 1969 na Arthur Mitchell pamoja na Karel Shook, ilianza miongo mingi iliyopita kutia soksi na viatu rangi ya ngozi ya kila mchezaji. Viatu vya aina hiyo vya rangi ya kahawia vilivyotengenezwa tayari na watengenezaji viatu Freed of London kwa kushirikiana na Ballet Black, kampuni ya wachezaji weusi na wa Kiasia ya Uingereza, vilitoka mwaka 2018 tu, na kabla ya hapo wachezaji wengi walikuwa wakivipaka wenyewe vipodozi vya uso. Ukitazama rekodi ya wachezaji wa Harlem baada ya kutazama kampuni nyingine, utaona mara moja mguu unaanzia nyonga na kuishia kidoleni bila mkato. Laiti huduma ninayoilipia ingekuwa na rekodi zao nyingi zaidi. Ilizonazo ni chache mno.

Kwa anayetaka kuonja kabla ya kulipa, World Ballet Day, yaani siku ya baleti duniani inayorushwa kwa intaneti, ni bure. Ilianza mwaka 2014, hurushwa mara moja kwa mwaka, na inaonyesha mazoezi ya asubuhi na matayarisho ya kampuni kubwa kutoka mabara mbalimbali. Cha ajabu ni kwamba huko ndiko miguu inakoonekana vizuri zaidi, kwa sababu chumba cha mazoezi hakina mapambo ya kuivutia kamera, na mwalimu anaposahihisha kisigino cha mtu, mpiga picha hana budi kukionyesha kisigino.

Niliwaandikia wahudumu wa wateja nikiomba kwamba kila onyesho liwe na chaguo la kamera pana isiyohama. Walinijibu kwa adabu kwamba uhariri wa picha ni wa kampuni zenyewe na wao hawana uwezo wa kuubadilisha. Naukubali ukweli wa jibu hilo, na bado nalipia kila mwezi. Lakini kampuni nyingi za baleti hurekodi maonyesho yao kwa kamera moja iliyosimama nyuma ya ukumbi, kwa ajili ya walimu wao kukumbuka nafasi na hatua za kila mchezaji. Rekodi hizo hazina madoido yoyote, na picha yake huenda si angavu. Zikiuzwa, hata kwa bei ya juu kuliko hii ninayolipa sasa, nitakuwa mteja wao.