Alamu za rodi kwa uvuvi wa usiku Mwanza: ipi ununue kwanza, ipi uiache dukani

Kwa anayevua kwa rodi usiku kutoka kwenye mawe ya Mwanza, ushauri wangu ni huu: nunua alamu mbili za gurudumu (vifaa vinavyolia samaki akivuta mshipi) zinazotumia betri ya mraba ya volti 9, usihangaike na rimoti mwanzoni, na hela inayobaki peleka kwa fundi wa kuchomelea. Sababu zinafuata, pamoja na aina nyingine nilizozipanga chini yake, maana mifuko hailingani na wala hatuvui samaki wale wale.

Vifaa hivi asili yake ni Uingereza, kwa ajili ya karpu, samaki mnene wa mabwawa aliye wa ukoo mmoja na ningu wetu. Mvuvi wa kule anapanga rodi mbili tatu kwenye vishikilio, analala ndani ya hema, na kifaa kinamwamsha mshipi ukitembea. Richard Walker, aliyemvua karpu wa ratili 44 (karibu kilo 20) pale Redmire Pool mwaka 1952, ni mmoja wa waliotangulia kutumia alamu ya umeme. Miaka ya 1970 ikaja alamu ya Optonic, ambayo mshipi ulizungusha kigurudumu kilichokuwa kikikatiza mwanga ndani yake, na nyingi zinazouzwa leo zimefuata njia hiyo ya kigurudumu.

Huku kwetu hakuna karpu wa kumngoja usiku kucha, lakini sababu ya kuwa na alamu ni nzito kuliko ya Mwingereza. Ziwa Victoria lina mamba na viboko. Mtu aliyechuchumaa ukingoni na kidole kwenye mshipi saa nane za usiku anajiweka mahali pabaya, hata kama amevua hapo tangu utotoni. Alamu inakuruhusu kukaa nyuma, juu ya jiwe kubwa, ukanywa chai yako, ukashuka majini pale tu panapokuwa na kazi. Kwangu mimi hiyo ndiyo thamani yake. Kuongeza samaki ni ziada.

Jiulize kwanza unavua nini. Kambare akishachukua minyoo au utumbo wa kuku huondoka nao, mshipi unatembea na alamu inalia mfululizo. Sangara ndiyo usiseme. Kamongo naye anavuta vizuri (vidole vyako viweke mbali na mdomo wake). Hao watatu ni samaki wa alamu. Sato ni habari nyingine: anadonoa, anatema, anadonoa tena, na mshipi hausogei kiasi cha maana. Utasikia mlio mmoja hapa, mwingine pale, mpaka uizime mwenyewe kwa hasira. Kwa sato baki na boya lako na mwanga wa mchana.

Sasa mpangilio.

Namba moja: alamu ya gurudumu, betri ya volti 9

Ukifungua skrubu za nyuma unakuta kigurudumu kidogo chenye sumaku, na jirani yake kichupa chembamba cha kioo chenye vijiti viwili vya chuma ndani. Mshipi ukisogea gurudumu linazunguka, sumaku ikipita vijiti vinagusana, saketi inahesabu na spika inalia. Basi. Swichi ya namna hiyo hiyo ndiyo inayotumika kwenye alamu za milango, kwa hiyo ikifa, fundi redio anaielewa na anajua pa kuitafuta. Urahisi wa kutengenezeka una thamani kubwa kwa kifaa ambacho muuzaji wake hana spea.

Betri nayo ndiyo iliyoipandisha hadi namba moja. Ile ya mraba ya volti 9 inatumika kwenye mita za mafundi umeme na vifaa vya muziki, na mjini haikusumbui kuipata. Alamu inayotumia AAA nayo haina shida, hata duka la kijijini linazo. Ila ukiona kwenye boksi imeandikwa CR2, fikiri mara mbili. Ni betri ya kamera, na ikikuishia ufukweni kule Igombe usiku, umebaki na pambo.

Tafuta yenye vitufe vitatu: sauti, aina ya mlio, na unyeti (wepesi wa alamu kushtuka). Unyeti ndio muhimu. Ukiuweka juu kabisa, alamu italia kwa kila kitu kinachogusa mshipi. Usiku upepo mara nyingi hutoka nchi kavu kwenda ziwani na maji ya ukingoni hutulia, kwa hiyo unaweza kuweka unyeti wa kati. Jua likichomoza upepo hugeuka, mawimbi yanakuja, na yakija na magugu maji mshipi wako unabeba majani ambayo alamu haiwezi kuyatofautisha na kambare. Hapo shusha unyeti au kunja mshipi ukanywe uji.

Taa nayo iangaliwe. Nzuri ni ile inayobaki imewaka kwa sekunde kadhaa baada ya mlio kunyamaza, ili ukiwa na rodi mbili ujue ni ipi imeguswa. Isiwe kali mno, wadudu wa ziwani watakufanya uijutie.

Kuna jambo moja ambalo alamu peke yake hailiwezi. Kambare anaweza kuchukua chambo akaja upande wako. Mshipi unalegea, gurudumu halizunguki, kimya. Wazungu wanauza kidude cha kuning'inia kwenye mshipi kati ya alamu na rili (kifaa cha kukunjia mshipi kwenye rodi), ili mshipi ukilegea kianguke na kuuvuta kinyume. Kifuniko cha chupa ya soda kilichofungwa waya na chubwi ndogo kinafanya kazi ile ile.

Hela ya fundi ni hii. Chini ya karibu alamu zote za aina hii kuna bolti ya inchi 3/8 ya kipimo cha Kiingereza cha BSF, yenye meno 20 kwa inchi. Nati ya M10 (ya milimita 10) ya dukani itaonekana kama inaingia, itazunguka kidogo, halafu itakwama na kula meno. Ile ya inchi 3/8 ya kipimo cha Kimarekani cha UNC ina meno 16, nayo usiilazimishe. Nenda na alamu yenyewe mkononi ujaribishie nati palepale, na ukikosa kabisa, fundi mwenye mashine ya kukereza anaweza kukukatia. Nati ikishapatikana ichomelewe juu ya kipande cha nondo chenye miguu mitatu mipana. Vijiti vinavyouzwa pamoja na alamu vimechongoka chini kwa ajili ya kuchomekwa kwenye udongo wa Ulaya, na wewe unavua juu ya mawe.

Namba mbili: kengele ya kubana

Najua mtu aliyekuja kusoma habari za vifaa vya elektroniki atashangaa. Lakini kengele mbili za bati kwenye kibanio, zinazobanwa kwenye ncha ya rodi, hazina betri, haziogopi mvua, na bei yake haikuumizi kichwa hata ikidondoka majini. Kwa sangara zinatosha kabisa. Ncha ya rodi ikipigwa utazisikia ukiwa umelala. Udhaifu wake ni upepo, ambao unazipigisha hovyo, na kambare mpole, ambaye hazimsikii. Kama huna uhakika utapenda uvuvi wa usiku, anzia hapa.

Namba tatu: seti yenye rimoti

Alamu tatu au nne ndani ya mkoba, na kipokezi cha kuweka mfukoni au kando ya godoro. Kinacholia ni kipokezi, rangi ya taa inakuonyesha rodi ipi. Kwa watu wawili watatu wanaovua pamoja na kukaa mbali na maji, inafaa sana, na hamuwaamshi majirani wa ufukweni. Kilichoishusha hadi namba tatu ni wingi wa betri: kila alamu na yake, na kipokezi na yake, na mara nyingi si za aina moja. Umbali ulioandikwa kwenye boksi ni wa uwanja mtupu. Majabali yakiwa katikati yenu na rodi, unapungua, kwa hiyo kabla ya kutega mwache mwenzako avute mshipi huku wewe ukirudi nyuma hatua kwa hatua mpaka usisikie.

Namba nne: ya mtetemo

Katika aina hii, Delkim ya Uingereza ndiyo inayojulikana zaidi. Haina gurudumu, mshipi unapita juu ya sensa inayosikia mtetemo, hivyo inanasa hata mguso ambao gurudumu lisingezunguka. Ni kifaa kizuri kwelikweli. Kule inauzwa zaidi ya pauni 100 kwa moja, na bado hujalipa usafiri wala ushuru. Kwenye bwawa tulivu inastahili. Kwenye ziwa lenye mawimbi ya bahari utatumia muda mwingi kuipunguzia usikivu ulioulipia.

Namba tano: kidude cha kubana cha betri za saa

Ni kile cha plastiki chenye taa moja kinachobanwa juu ya rodi, kinachotumia betri ndogo za duara. Rodi ikitikisika kinalia. Upepo ukivuma kinalia. Mvua ikiingia kwenye tundu la spika hakilii tena. Kengele ya bati inafanya vizuri zaidi kwa bei ndogo zaidi.

Alamu yoyote utakayochagua, lazima rili yako iachie mshipi. Iliyokazwa breki usiku mbele ya sangara inapeleka rodi yote ziwani, na alamu italia vizuri tu ikikuaga. Bora ni rili yenye breki ya pili ya kuruhusu mshipi utoke huru hadi utakapozungusha mkono wa rili. Kama huna, legeza breki mpaka mkono wako uvute mshipi bila shida. Na alamu ikilia, nyanyuka. Ukichelewa samaki anameza ndoana hadi tumboni, na sangara wa chini ya sentimita 50 sheria inataka arudi majini, kama ilivyo kwa sato wa chini ya 25. Aliyenaswa mdomoni anarudi mzima. Habari za kibali cha kuvua, muone afisa uvuvi wa halmashauri yako kabla ya kununua chochote.

Dukani, nenda na betri yako na kipande cha mshipi. Weka betri, pitisha mshipi juu ya gurudumu taratibu, kisha haraka, mbele na nyuma, pande zote alamu ilie. Fungua kifuniko cha betri uone kama kina mpira wa kuzuia maji. Zungusha gurudumu kwa kidole; likigoma likiwa jipya, vumbi la Mwanza litalimaliza. Muuzaji akikataa usiifungue, kuna duka la pili mtaa huo huo.